Kamba Hukatikia Pembamba: Jinsi Ninavyochagua Vipuri vya Kompyuta ya Gemu

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku. "Shikamoo mjomba. Nimemaliza kuweka akiba. Ninunue kadi gani ya picha?" Nikamwitikia, kisha nikamuuliza: hiyo kadi uliyo nayo, ukiwa katikati ya gemu, inatumika asilimia ngapi? Kimya. "Mjomba, mimi nimeuliza kadi, wewe unaniuliza hesabu."

Sikumlaumu. Miaka michache nyuma hata mimi nisingekuwa na jibu. Kompyuta yangu niliiunga mwenyewe mwaka 2018: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 2600, ubao mama wa B450, kadi ya GTX 1060 ya GB 6, RAM (kumbukumbu ya muda) kijiti kimoja cha GB 8, na diski ya kuzunguka ya TB 1. Ilinitumikia bila lawama mpaka Septemba 2023 ilipotoka gemu ya Counter-Strike 2. Kuanzia hapo, kila mchezaji akirusha bomu la moshi, picha inaganda. Sikupima chochote. Nilikwenda moja kwa moja nikanunua RTX 3060 ya GB 12, nikaifunga, nikavuta kiti, nikawasha. Ikaganda palepale ilipokuwa ikiganda.

Kadi haikuwa na kosa. Ilikuwa imekaa asilimia 45 inasubiri kuletewa kazi na prosesa iliyokuwa hoi, huku RAM imejaa hadi mdomoni. Kamba hukatikia pembamba, na mimi nilikuwa nimeongeza unene mahali ambapo haikuwa ikikatika.

Pima kabla hujafungua pochi

Chombo ninachotumia ni MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo. Ni ya bure, na hufanya kazi na kadi za kampuni yoyote. Kwenye mipangilio yake, chagua vitu vionekane pembeni mwa kioo ukiwa unacheza: matumizi ya kadi, joto la kadi, kumbukumbu ya kadi, matumizi ya prosesa kiini kwa kiini, RAM iliyotumika, fremu (picha zinazotolewa) kwa sekunde, na grafu ya muda ambao kila fremu inachukua. Kisha cheza nusu saa gemu unayocheza kweli, si ile unayotamani kuicheza siku moja. Andika namba kwenye karatasi.

Kadi ikikaa asilimia 97 hadi 99 muda wote, kadi ndiyo iliyofika kikomo chake. Fremu zikikutosha, huna tatizo. Zisipokutosha, kadi mpya itasaidia. Kadi ikibaki asilimia 50 au 60 na fremu bado ni chache, kuna kitu kingine kinaichelewesha, na mara nyingi ni prosesa. Lakini kabla ya kuihukumu prosesa, hakikisha hukuweka kikomo cha fremu ndani ya gemu au kwenye draiva, programu inayoendesha kadi. Niliwahi kupoteza Jumamosi nzima nikitafuta ugonjwa, kumbe mwenyewe nilifunga fremu zisizidi 60 miezi mitatu kabla.

Usidanganywe na ile namba moja ya jumla ya prosesa. Ryzen 5 yangu ina viini 6 ambavyo Windows inavihesabu kama 12. Kimoja kati ya hivyo 12 kikijaa kabisa, jumla hupanda kwa asilimia 8 tu hivi. Kwa hiyo unaweza kuona "prosesa asilimia 35" ukadhani imelala, kumbe kiini kinachobeba mzigo mkuu wa gemu kimefika 100 na wengine wote wanakisubiri. Ndiyo maana nasema angalia kiini kwa kiini.

Kuna jaribio la dakika mbili ninalolipenda kuliko yote. Shusha rezolusheni ya gemu, yaani idadi ya pikseli (nukta za picha), kutoka 1080p hadi 720p bila kugusa kingine. Umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya pikseli. Fremu zikiruka juu, mzigo ulikuwa kwenye kadi. Zikibaki palepale, kadi haikuwa shida, na ukinunua nyingine utarudia kosa langu.

Grafu ya muda wa fremu ndiyo inayosema kile macho yako yanahisi. Fremu 90 kwa sekunde zenye mstari ulionyooka hucheza laini kuliko 120 zenye miiba. Miiba inayotokea RAM ikiwa imejaa, au kumbukumbu ya kadi ikiwa imefika ukingoni, inakuonyesha kidonda kilipo.

Yasiyohitaji kununua

Mpwa wangu alifanya nilivyomwambia, akanitumia picha ya kioo. Ana Core i5-12400 na kadi ya RX 6600, mashine nzuri kwa 1080p. Matumizi ya kadi: sifuri. Nikadhani programu imekosea. Nikamwambia apige picha ya mgongo wa kompyuta, na hapo nikaona. Kebo ya monita ilikuwa imechomekwa kwenye ubao mama, juu, badala ya kwenye kadi, chini. Prosesa yake ina kichakata picha kidogo cha ndani, na wiki zote hizo gemu zilikuwa zikichezwa kwa hicho. Kadi ilikuwa inapunga upepo tu. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina kichakata hicho. Ukikosea tundu unapata kioo cheusi na kosa linajitangaza lenyewe. Yake haikuwa na F.

Baada ya kebo, angalia kasi ya RAM. Vijiti vya DDR4 vilivyoandikwa 3200 mara nyingi huwaka kwa 2133 au 2400 mpaka uingie BIOS (mipangilio ya ubao wenyewe, kabla ya Windows) ukawashe XMP, kasi iliyoandikwa kwenye kijiti. Kwa DDR5 kwenye bao za AMD utakuta imeandikwa EXPO. Fungua Task Manager, upande wa Memory, utaona kasi halisi. Nimekuta kompyuta za watu zenye miaka minne ambazo hazijawahi kukimbia kwa kasi waliyoilipia.

Kisha vumbi. Kama kadi inapita nyuzi joto 85 au prosesa inagusa 95, huenda inajipunguza kasi ili isiungue. Zima, chomoa umeme, peleka nje, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, puliza. Prosesa yenye pesti ya joto iliyokauka kwa miaka mitano inastahili pesti mpya, punje ndogo katikati, basi.

RAM: mbili ndogo huzidi moja kubwa

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo. Prosesa za kawaida za nyumbani zina njia mbili za kufikia RAM. Kijiti kimoja kinatumia njia moja, na nyingine inabaki barabara tupu. Vijiti viwili vya GB 8 huipa prosesa upana maradufu kuliko kimoja cha GB 16, na kwenye gemu zinazotegemea prosesa utaona tofauti hasa kwenye ile miiba. Ubao wenye nafasi nne, vijiti viwili vikae nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ila kijitabu cha ubao kiseme vingine. Wengi huviweka vyote upande mmoja kwa sababu vinapendeza.

Kwa sasa GB 16 ndicho kiwango ambacho singeshuka chini yake. GB 32 ni raha kwa anayefungua kivinjari chenye kurasa arobaini huku anacheza, na namjua mmoja. DDR4 na DDR5 haziingiliani kabisa. Mkato wa chini uko mahali tofauti, kwa hiyo usilazimishe. Ukinunua, nunua vijiti viwili vya pakiti moja. Kuongeza kijiti kigeni kando ya kile cha zamani huweza kukubali, na huweza kuiangusha Windows na kukuletea kioo cha bluu kila Jumanne.

Prosesa: uliza soketi kwanza

Soketi ni tundu la prosesa kwenye ubao. Swali la kwanza si prosesa ipi ni bora bali ubao wako unapokea zipi. Soketi ya AM4 ilianza kupokea Ryzen mwaka 2017 na ikaendelea hadi Ryzen 5000. Hiyo ndiyo iliyoniokoa: ubao wangu wa B450 wa 2018 ulipokea Ryzen 5 5600, iliyotoka 2022, bila kubadilisha kingine chochote. Kwenye AM4 hiyohiyo kuna Ryzen 7 5800X3D yenye kache (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya MB 96, iliyotengenezwa hasa kwa wacheza gemu, kwa anayeipata. AM5, ya 2022, inatumia DDR5 peke yake, kwa hiyo kuhamia huko ni kununua prosesa, ubao na RAM kwa mpigo mmoja. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ilibeba vizazi vya 12, 13 na 14. Bao zake nyingine ni za DDR4, nyingine za DDR5, soma kabla ya kulipa.

Sasa utaratibu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu.

Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Ubao usioijua prosesa mpya hautawaka. Na bao nyingine zikishasasishwa husahau zile za zamani kabisa, kwa hiyo soma orodha kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa ubao, uone toleo lipi hasa linahitajika.

Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, hifadhi ufunguo wa kurejesha mahali pengine, kwenye simu au karatasi. Kompyuta nyingi huweka siri zake ndani ya TPM, sehemu ya kutunza siri iliyomo kwenye prosesa. Prosesa ikiondoka, siri inaondoka nayo, na Windows itakuuliza tarakimu 48 ambazo huna.

Kwenye AM4, pini ziko chini ya prosesa yenyewe. Pesti ikikauka, ukivuta kipoozeo, prosesa huchomoka nacho hata kama klipu imefungwa. Yangu ilitoka hivyo, pini mbili zikalala, nikazinyoosha kwa ncha ya wembe na moyo ukidunda kama ngoma. Fanya hivi: cheza dakika kumi pesti ipate joto, zima, chomoa umeme, kisha zungusha kipoozeo taratibu kulia na kushoto kabla ya kukiinua. Kwenye AM5 na Intel za sasa pini ziko kwenye ubao, na hapo adui ni kidole chako au skrubu inayodondoka.

Kadi: majina hudanganya

Kama vipimo vimesema kadi, basi kadi. Cha kwanza kutazama ni monita yako, si orodha ya kadi. Kioo cha 1080p kina pikseli milioni 2.07, cha 1440p milioni 3.69, cha 4K milioni 8.29. Kadi inayoimudu 1080p kwa urahisi inaweza kuhema kwenye 4K. Mwenye 1080p hana haja ya kadi jini.

Cha pili, soma jina hadi herufi ya mwisho, kisha soma na GB. GTX 1060 ya GB 3 haikuwa ile ya GB 6 iliyopunguzwa kumbukumbu tu. Ina viini 1152 badala ya 1280. RTX 3060 ya GB 8 ina njia ya kumbukumbu ya biti 128, ile ya GB 12 ina biti 192. GT 1030 ilitoka ya GDDR5, kisha ikatoka ya DDR4 yenye jina lilelile na mwendo wa kobe. Muuzaji asiyetaja GB, mwulize mara mbili.

Kumbukumbu ya kadi ikijaa, vinavyozidi huhamia kwenye RAM ya kawaida na kurudi kupitia njia nyembamba, na hiyo ndiyo miiba. Kwa 1080p, GB 8 naiona ndiyo sakafu kwa gemu mpya. Ukiwa na pungufu, shusha kwanza ubora wa tekscha, picha zinazofunika vitu vya gemu. Ndiyo inayokula kumbukumbu.

Kuna jambo la nafasi ya PCIe pia, yaani tundu la kadi kwenye ubao. RX 6600 inatumia njia 8 badala ya 16, na kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 inapoteza kidogo tu. RX 6500 XT ina njia 4 peke yake na kumbukumbu ya GB 4, na kwenye ubao wa aina hiyo inaumia waziwazi. Mwenye ubao wa zamani aiepuke.

Kadi iliyotumika sina ugomvi nayo. Yangu ya sasa nilichukua kwa mtu. Lakini iendeshwe mbele yako dakika ishirini kwa gemu nzito, si kwa kuonyeshwa ukurasa wa Windows. Tazama joto, sikiliza feni, tafuta madoa ya rangi kwenye picha. Anayesema "haina muda wa kujaribiwa" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Pawasaplai, mahali ambapo sibani matumizi

Pawasaplai ndiyo kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, na hesabu yake ni rahisi. RTX 3060 inakula wati 170. Ryzen 5 5600 imeandikwa 65 lakini kwenye soketi hiyo inaruhusiwa kufika 88. Ubao, RAM, diski na feni, weka 60. Jumla ni 318. Pawasaplai ya wati 550 inabeba hiyo na kubakiza nafasi ya mishtuko ya ghafla, na ndiyo saizi ambayo NVIDIA yenyewe inaipendekeza kwa kadi hiyo.

Alama ya 80 PLUS inapima jinsi inavyopoteza umeme kidogo. Haisemi ndani kumefungwa kondensa za namna gani. Soma uchambuzi wa watu walioifungua modeli hiyohiyo. Pawasaplai nyepesi kama mkebe mtupu, irudishe.

Nafasi ya PCIe inatoa wati 75, kichwa cha pini 6 kinaongeza 75, cha pini 8 kinaongeza 150. Kichwa cha prosesa nacho kina pini 8 lakini kimegawanyika 4 na 4, cha kadi kimegawanyika 6 na 2. Havibadilishani, usisukume kwa nguvu.

Na hili nalisema kwa uchungu: usichanganye kebo za pawasaplai mbili tofauti. Zile zinazochomoka pande zote hazina kanuni moja upande wa pawasaplai. Niliwahi kununua mpya nikasema kebo za zamani nimeshazipanga vizuri, niziache. Kichwa kiliingia bila kinyongo. Nilipowasha, SSD ilitoa harufu na picha zangu za miaka mitatu zikaenda nayo.

Kompyuta za ofisi zilizotumika ni mlango mzuri wa kuingilia, ila nyingi zina pawasaplai ndogo isiyo na kichwa cha kadi, na plagi ya ubao isiyo ya kawaida, kwa hiyo huwezi kubadilisha kirahisi. Humo tafuta kadi isiyozidi wati 75, kama GTX 1650 isiyo na kichwa cha umeme, na upime urefu na kimo cha kasha kwa rula kabla.

Diski, kasha, taa

SSD, diski isiyozunguka, haiongezi fremu. Inaondoa kusubiri, na gemu kadhaa sasa zinaitaja kama lazima. Starfield ya 2023 ni mojawapo. Diski ya kuzunguka hupiga kama MB 150 kwa sekunde, SSD ya SATA kama 550, SSD ya NVMe, aina ya kasi zaidi, kupitia PCIe 3.0 kama 3500. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili utaruka kwa furaha. Kutoka ya pili kwenda ya tatu utahitaji saa ya mkononi kuona tofauti. Kitabu cha ubao kitakuambia kama tundu la M.2, la SSD ndogo bapa, linakubali NVMe au SATA peke yake.

Kasha liwe na matundu mbele, feni mbili ziingize, moja itoe. Taa ni zako na macho yako.

Ukimaliza kufunga

Rudi kwenye ramani ileile, mipangilio ileile, nusu saa ileile. Kama umehama kutoka NVIDIA kwenda AMD au kinyume chake, futa draiva za zamani kwa programu ya DDU kwanza. Linganisha na karatasi. Yangu, baada ya prosesa na vijiti viwili vya RAM, kadi ilipanda kutoka asilimia 45 hadi 90 na kitu, na moshi ukawa moshi tu.

Mpwa wangu, baada ya kuhamisha kebo, alikuta kadi yake inatoa fremu 130 kwenye gemu yake, na monita yake ilikuwa ya Hz 60, yaani hubadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde. Kwa hiyo akiba haikwenda kwenye kadi. Alinunua monita ya Hz 144, ambapo picha hubadilika kila milisekunde 6.9 badala ya 16.7. Juzi akanipigia tena. "Mjomba, nimeifunga, lakini wallahi sioni tofauti."

Nikamuuliza, kwenye mipangilio ya kioo ndani ya Windows umeiweka Hz ngapi?

Kimya kingine.